Mwanamke Aliyefunga Daraja la Tollef

Ardis Kvamme alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kata akiwa jikoni anachemsha kahawa. Huku kwetu Hovde mtu hagombei uongozi, hukamatwa. Mkutano mkuu wa kata hufanyika mwezi wa Machi, barabara zikiwa bado na barafu, ndani ya ukumbi uliokuwa darasa la shule hapo zamani. Anayethubutu kutoka kwenda kujisaidia, au kuwasha gari lipate joto, akirudi hukuta amekwisha kupigiwa kura. Ardis alitokea na birika mkononi akakuta ukumbi mzima unampigia makofi, na mumewe Verlyn amekaa kiti cha nyuma anacheka hadi anajifuta machozi.

"Mmenifanyia nini nyie?" akauliza.

"Tumekupa barabara," akasema Duane Prochazka, mwenyekiti wa baraza, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. "Barabara zote na madaraja yote. Baba yako si ndiye aliyeendesha greda la kata hii mpaka akazeeka nalo? Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Duane, mimi mwoga. Mtu gani hapa asiyejua?"

"Ndiyo maana tumekuchagua, mama. Mwoga hatumalizii hela za changarawe. Haya, mimina kahawa."

Kila mtu alijua, kweli. Ardis alizaliwa katika kipande cha nane cha kata hiyo, akaolewa kipande cha ishirini na tisa, na maisha yake yote aliyaishi kati ya hapo na hapo. Alipika shuleni mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Alizaa mabinti wawili, wakaolewa mbali. Na aliogopa. Aliogopa radi, aliogopa fahali wa jirani, aliogopa simu inayolia alfajiri. Zaidi ya vyote aliogopa maji. Alikuwa msichana mdogo alipomwona baba yake na wanaume wengine wakimtoa mtu chini ya trekta iliyopinduka kwenye mtaro uliojaa maji, na tangu siku hiyo hakuvuka maji yoyote, hata ya kulowesha kifundo cha mguu tu, bila kubana pumzi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ardis aliishika methali hiyo kwa mikono miwili, na hadi mwaka ule haikuwa imemtupa.

Kata ya Hovde ni mraba, na ndani yake mna miraba midogo thelathini na sita, ndivyo vipande vyetu, kila mmoja maili moja kwa maili moja, na barabara ya changarawe pembeni. Waliopima nchi hii ya Minnesota walivuta mistari yao bila kumwuliza mtu wala kilima, na kusema kweli kilima cha kuuliza hakikuwapo. Ni tambarare tupu. Mke akinuna akaondoka kwenda kwa mama yake, mume humwona njia nzima, akapata nafasi ya kutosha ya kuyafikiria makosa yake. Kitu kimoja tu ndicho kilichokataa kunyooka, nacho ni kijito cha Tollef. Kinaikata kona ya kusini-magharibi kinavyotaka chenyewe, na kuziacha nyumba nne upande wa pili, mahali tunapopaita Ng'ambo.

Kutoka mjini kwenda Ng'ambo kuna njia mbili. Ya kwanza inapita mbele ya nyumba ya akina Kvamme na kuvuka daraja la zamani la chuma na mbao. Ya pili inakwenda kaskazini mpaka barabara kuu ya lami, inavuka kwenye daraja kubwa la jimbo, kisha inarudi kusini. Ni maili kumi na moja za kumzunguka mtu ambaye ukisimama dirishani kwako unaona nguo zake kwenye kamba.

Majira ya baridi ya mwaka ule theluji ilianguka ikasahau kuacha. Aprili ilipofika ikayeyuka yote kwa mpigo, na maji, kwa kuwa nchi haina mteremko wa kuyapeleka popote, yakasambaa mashambani yakakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kijito cha Tollef, ambacho wakati wa kiangazi mbwa hukivuka bila kulowa tumbo, kikapanda mpaka karibu na mbao za daraja. Mapande ya barafu makubwa kama milango ya ghala yalikuja na maji yakagonga nguzo, moja baada ya jingine, mchana kutwa. Ardis aliyasikia akiwa jikoni kwake.

Kila asubuhi alikwenda kulitazama daraja, kwa sababu sasa lilikuwa lake. Baba yake alimfundisha jambo moja: weka kiganja kwenye chuma cha ukingo. Daraja zima huwa baridi na kimya. Daraja linaloumwa hutetemeka kama ng'ombe mwenye homa. Ardis alivua glavu, akaweka kiganja, na chuma kikatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Akaondoa mkono haraka. Akaurudisha. Je, ilikuwa daraja, au ilikuwa yeye? Hilo ndilo lililomnyima raha. Mtu aliyetetemeka maisha yake yote atajuaje kinachotetemeka ni kipi?

Alimpigia simu mhandisi wa wilaya. Mhandisi akaja, kijana mstaarabu, akatembea hadi katikati ya daraja na kurudi, akachungulia maji yaliyokuwa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

"Nguzo siwezi kuziona mpaka maji yashuke, mama," akasema. "Huenda yamechimba chini yake. Huenda hayakuchimba."

"Sasa nifanye nini?"

"Daraja ni la kata, si la wilaya. Mkilifunga, ni juu yenu. Mkiliacha wazi, ni juu yenu vilevile." Akamtazama kwa huruma, akaingia garini akaondoka kwa njia ya kuzunguka.

Kwa hiyo Ardis akaitisha baraza. Baraza letu lina wajumbe watatu: Duane, Ardis, na mzee Selmer, ambaye sikio moja halisikii na la pili huchagua. Kwa kawaida mkutano kama huo hauhudhuriwi na mtu, lakini jioni ile mlango ulifunguka akaingia Ione Bakke wa Ng'ambo, mpiga kinanda wa kanisani, mwembamba, amevaa koti lake la Jumapili. Alikataa kiti.

"Nimesikia mnataka kutufungia daraja," akasema.

"Ni kwa muda tu, Ione," Ardis akasema. "Mpaka maji yashuke."

"Truman wangu ameshaanguka mara mbili kwa moyo. Mara mbili, na mara zote mbili gari la wagonjwa lilimwahi kwa kupita hapo. Daktari alituambia waziwazi, safari nyingine ni suala la dakika. Kuzunguka ni dakika ngapi, Ardis?"

Ardis alizijua dakika hizo. Alikuwa ameiendesha njia hiyo mwenyewe siku iliyotangulia, kwa mwendo wa kasi kuliko aliowahi kwenda maishani, saa ya mkononi ikiwa juu ya usukani. Hakuthubutu kuzitaja.

"Na likianguka na mtu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Likianguka! Limesimama tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Wewe shoga yangu unaogopa hata kivuli chako, na sisi tunakupenda hivyohivyo. Lakini usiniulie mume kwa woga wako."

Duane akakohoa, akapanga vikombe vilivyokuwa vimepangika tayari. Mtu huyo anayeweza kunadi ng'ombe mgonjwa kwa sauti ya kusikika kata mbili, siku ile hakuwa na sauti.

"Mimi nasema hivi," akasema hatimaye. "Barabara ni za Ardis. Atakalosema Ardis, mimi nitaliunga mkono."

"Duane, wewe ndiye mwenyekiti."

"Ndiyo. Na mimi kama mwenyekiti nakuachia wewe."

Ardis alitazama mikono yake juu ya meza. Alijiona akilala kitandani usiku wa kwanza daraja likiwa wazi, akisikiliza. Alijiona usiku wa kwanza daraja likiwa limefungwa, akisikiliza. Hakukuwa na usiku wa kulala. Akasema, "Lifungwe." Duane akainua mkono akitazama dari, mzee Selmer akainua wa kwake kwa kuwa alitaka kwenda kukamua, na Ione akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akatoka bila kuaga.

Asubuhi yake Ardis na Verlyn waliweka kizuizi pande zote mbili za daraja: mbao zilizopakwa nyekundu na nyeupe, mifuko ya mchanga miguuni, na kibao kinachosema barabara imefungwa. Kesho yake kizuizi kilikuwa kimesogezwa, kwa upana wa pikapu moja, na matairi yamechora tope kwenda na kurudi.

Hapa lazima niwaseme watu wetu, maana nawajua. Mtu wa Hovde huheshimu sheria kuliko padri anavyoheshimu altare, lakini moyoni anaamini kwamba kibao cha barabarani kimeandikwa kwa ajili ya wageni. Yeye anaijua barabara. Kibao cha kupunguza mwendo ni cha wageni, cha njia isiyoondolewa theluji ni cha wageni, na cha daraja bovu hali kadhalika. Basi hushuka garini, husogeza kizuizi kwa adabu, hupita, na akiwa amelelewa vizuri hukirudisha alipokikuta. Hakuna anayejiona amevunja kitu. Ardis naye alifanya hivyo maisha yake yote kwenye vibao vingine, kwa hiyo hakuweza hata kukasirika sawasawa. Alikirudisha tu kila asubuhi, na kila adhuhuri akakikuta kimesogezwa. Duane mwenyewe, aliyeinua mkono kulifunga, alipita mara mbili kwenda kutazama ndama wake, akampungia mkono.

Siku moja kwenye tope alizitambua alama za matairi ya Verlyn.

"Umepita," akamwambia wakiwa mezani.

"Nilimpelekea Truman chumvi ya ng'ombe." Verlyn akajipakulia viazi. "Pikapu tu, mke wangu. Nyepesi."

"Nimelifunga mimi, na anayepita ni mume wangu."

"Sasa ungetaka apite mume wa nani? Kile kibao ni cha wageni."

"Wageni gani, Verlyn? Huku mgeni wa mwisho alikuwa mhandisi, na yeye alizunguka!"

Verlyn akacheka, na Ardis naye akataka kucheka lakini kicheko kikagoma. Verlyn alikuwa dereva wa kujitolea wa gari la wagonjwa. Katika wilaya yetu hakuna wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ni wakulima, na Twyla mwenye saluni, na mwalimu mstaafu, wanaopokezana zamu. Kila alipomtazama mumewe akila, Ardis aliliona lile gari jeupe, zito kama lori la nafaka, likishuka kuelekea kwenye mbao zile. Alikuwa ameshahesabu yote. Simu itoke kwa Bakke, iwe zamu ya Verlyn, na Verlyn ashuke kusogeza kizuizi cha wageni.

"Niahidi kitu," akasema. "Ukiitwa Ng'ambo na gari la wagonjwa, utazunguka."

"Nitaona hali."

"Sikuulizi hali. Nakuomba uniahidi."

"Ardis," akasema Verlyn, na sasa alikuwa hacheki, "yule ni Truman. Ndiye aliyetuvunia mwaka nilipovunjika mguu. Usiniombe hilo." Akasogeza sahani.

Siku ilipokuja ilikuja mchana, na jua limetoka, hali ambayo Ardis hakuwa ameitayarishia hofu. Alikuwa anakanda unga. Juu ya jokofu ilikuwapo ile redio inayonasa simu za dharura, ambayo huku huwashwa kutwa kama kwingine wanavyowasha muziki. Sauti ya mwanamke wa makao makuu ikasema kwa utulivu kwamba mwanamume wa Ng'ambo, kata ya Hovde, ana maumivu ya kifua na anapumua kwa shida. Kisha ikaja sauti ya Verlyn kutoka mjini, alikokuwa amekwenda kuchukua mbegu na kushika zamu: "Tumepokea. Tunakwenda."

Hakusema njia gani. Hakuwa na haja.

Ardis alitoka na unga mikononi na viatu vya ndani miguuni. Pikapu yake ya zamani iliwaka kwa mara ya pili. Alipofika darajani kizuizi kilikuwa kimesogezwa, kama kawaida, na alama mpya za matairi topeni. Alitaka kukirudisha, akasimama. Kukirudisha ili iweje? Verlyn angeshuka akakisogeza tena, naye alikuwa na mikono ya kuinua ndama. Chini yake maji yalipita kwa kasi yakiwa na sauti nzito, na pande la barafu likagonga mahali asipopaona. Daraja zima likajibu. Alilisikia kwa nyayo.

Akarudi garini, akaligeuza, akalikingamisha kwenye mdomo wa daraja, ukingo hadi ukingo. Akazima, akachomoa ufunguo. Hakujua kama anaogopa maji au anaogopa alichokuwa anakifanya.

King'ora kilianza kusikika kikiwa mbali. Barabara ile imenyooka, na alikiona kile kitu cheupe kikikua kwa muda mrefu kabla hakijafika. Verlyn akafunga breki changarawe ikarukaruka. Akashuka.

"Ondoa gari, Ardis!"

"Zunguka."

"Una wazimu? Nyumba ile pale! Naiona! Natupa jiwe linafika!"

"Zunguka, Verlyn. Kila dakika unayogombana nami unamwibia Truman."

"Ondoa hilo gari, la sivyo naliondoa mimi!" Uso wake ulikuwa mwekundu na alikuwa anakuja, na kwa mara ya kwanza tangu amjue Ardis alimwogopa mumewe. Twyla akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Verlyn, amueni! Amueni jamani!"

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Ardis, umegandamana na unga. Verlyn akaunyooshea mkono. Ardis akageuka, akautupa juu ya ukingo, ukaingia majini bila hata kusikika.

Verlyn akasimama. Akamtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Halafu akakimbia, akapanda, akarudisha gari kinyumenyume mpaka njia panda, akalielekeza kaskazini.

Ndipo Ardis akageuka upande wa Ng'ambo, akamwona Ione.

Ione alikuwa ametoka uani. Alikuwa na taulo la jikoni mkononi na alikuwa akilipunga kwa mkono mzima, kama anavyopunga mtu aliyekwisha kuliona gari. Alipunga wakati gari lilipokuja. Alipunga liliposimama. Aliendelea kupunga liliporudi nyuma, likageuka, likaanza kwenda zake. Kisha mkono ukashuka kidogokidogo, na taulo likaning'inia. Akasimama anatazama pikapu iliyoziba daraja, na mwanamke aliyesimama pembeni yake. Kati yao yalikuwa maji tu. Ione akarudi ndani mbio.

Nchi yetu haimfichi mtu lolote. Ardis aliliona lile gari likienda kaskazini maili baada ya maili, likiwa dogo, likiwa doa. Aliliona likigeuka magharibi kwenye lami. Alimwomba Mungu kwa sauti, yeye Mlutheri ambaye huomba kimya, kwamba lisikutane na trekta njiani, kwamba lisizame topeni huko Ng'ambo, kwamba moyo wa Truman uwe na ukaidi wa Truman. Aliliona likigeuka kusini, likikua tena, sasa kwa upande ule mwingine, likimjia kama vile linakuja kumchukua yeye. Lilipinda likaingia uani kwa Bakke. Wakashuka wawili wakakimbia. Akangoja. Mikono yake ilikuwa imekauka unga, na miguu imekufa ganzi kwa baridi ya tope. Walipomtoa Truman kwenye machela, Twyla alikuwa anatembea pembeni yake huku anasukuma kifua, na kwa namna alivyosukuma Ardis akajua.

Moyo ulisimama walipokuwa wanaingia uani. Twyla ndiye aliyesema, saluni, kwa mtu asiyejua kunyamaza, na kufikia Jumamosi kata nzima ilikuwa nalo: walipokuwa wanaingia uani.

Verlyn alirudi jioni. Alinawa, akakaa, hakula. Ardis akasimama kando ya jiko, akasubiri kupigwa na neno lolote.

"Ningepita," Verlyn akasema. "Nilikuwa nimeshaamua tangu mjini."

"Najua."

"Sasa sijui nikuambie asante au nikuambie nini." Akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Ardis alitaka kumgusa, akaogopa.

Mazishi yalikuwa siku ya jua kali. Baada ya ibada watu walishuka chumba cha chini cha kanisa kula, kama ilivyo desturi. Viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, mkate na siagi, kahawa isiyoisha. Hakuna aliyemtukana Ardis. Huku kwetu hatutukani, tunasogea. Aliposimama kwenye foleni, foleni ikapata nafasi mbele yake na nyuma yake. Ni Duane peke yake aliyemkaribia, na sahani imejaa.

"Nimetoka kuliona asubuhi," akasema chinichini. "Daraja. Maji yameanza kushuka." Akatafuna. "Bado limesimama, unajua."

"Nguzo zinaonekana?"

"Bado. Ila limesimama tu."

Akaondoka. Na Ardis, akiwa na kikombe mkononi katikati ya msiba wa jirani yake, akagundua kwamba anaomba. Mwezi mzima alikuwa ameomba lile daraja lisianguke. Sasa alikuwa anaomba lianguke. Leo, sasa hivi, kabla watu hawajamaliza keki, mbele ya macho ya watu wengi iwezekanavyo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa radi au maji: aliogopa kwamba maji yatashuka, nguzo zitaonekana, na zitakuwa nzima. Akaweka kikombe chini.

Akaenda jikoni kuosha vyombo. Jikoni hakuna anayekusogelea wala anayekukwepa, kuna kazi tu. Alikuwa na mikono ndani ya maji ya sabuni aliposikia mtu anachukua kitambaa nyuma yake na kuanza kupangusa vikombe, na hakuhitaji kugeuka.

"Ione," akasema. "Mfiwa haoshi vyombo."

"Huko nje wananishika mkono mpaka umeuma."

Wakafanya kazi. Vikombe kadhaa vilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ardis alikuwa amejiandaa. Alikuwa na majibu kuhusu mbao, kuhusu uzito wa gari, kuhusu mhandisi, kuhusu Twyla na watoto wake wadogo. Alikuwa ameyarudia kitandani mpaka yakawa kama sala.

"Nina swali moja," akasema Ione. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Sitauliza lingine, leo wala kesho. Watu wamepita pale kila siku. Duane kapita. Kijana wake kapita na trela la majani. Mimi nimepita, nisikufiche. Wewe ulikuwa unatoka unarudisha kizuizi, unaingia ndani. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Siku ile zamu ingekuwa ya yule mwalimu mstaafu. Siyo Verlyn. Mwalimu ndiye anaendesha, Truman wangu yuko kule sakafuni. Ungeutupa ule ufunguo?"

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka. Ardis akayafunga. 'Ndiyo' moja tu ingetosha, na ilikuwa pale pale mdomoni, nyepesi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuipinga. Alimtazama Ione usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya taulo.

"Ningerudisha kizuizi," akasema. "Halafu ningeingia ndani."

Ione akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa saa. Akakiweka kikombe alichokuwa anakipangusa, akachukua kingine, akangoja, mpaka Ardis akakumbuka kufungua maji.